Feni Mbili na Pumzi ya Mama

Boneti iko wazi, injini inanguruma, lakini fundi umeme haitazami injini. Masikio yake yako kiti cha nyuma, alikoketi mkewe akiwa na mashine ya oksijeni mapajani, imechomekwa kwenye umeme wa gari.

“Mama, imelia?”

“Bado. Na usinifokee, si mimi niliyeharibika.”

Joto linapanda. Feni mbili za rejeta zinaamka kwa kishindo, taa zinafifia, na mashine inatoa mlio mkali kisha inazimika. Fundi anakimbilia mlango wa nyuma na kumuunganishia mkewe mtungi mdogo wa akiba.

Hapa gereji wanamwita Bwana Feni, na kwa miaka ishirini na sita amepoza magari ya watu. Ila kinyozi hajinyoi. Gari lake mwenyewe ndilo linalomtoa jasho.

Mkewe alikuwa mpishi wa shule, akipika kwa kuni mpaka mapafu yakachoka. Kwa miaka mitatu sasa anapumua kwa msaada wa mashine. Mwezi uliopita binti yao wa pekee alijifungua mtoto wa kike, mji wa mbali, safari ya kutwa nzima. Mtungi wa akiba hautoshi hata saa mbili. Mashine ikizimika njiani mara kwa mara, bibi hatamwona mjukuu.

“Nilibadilisha betri, nikabadilisha na alteneta inayoichaji. Akiba ya miezi minne ikaenda,” anasema fundi. “Wapi! Feni zikiwaka tu, umeme unayumba.”

Kosa lilikuwa mazoea. Feni zote mbili alizifunga kwenye rilei moja, yaani swichi moja ya kuziwasha, kama alivyozoea kuwafungia wateja. “Mteja akisikia zimenguruma pamoja, anaamini kazi imefanyika,” anakiri huku akicheka. Taa za mteja zikififia kidogo, nani atalalamika?

Aliyefumbua fumbo ni mgonjwa mwenyewe, jioni ya siku hiyo, mezani.

“Baba, kengele ya uji ikilia, watoto wote wakija dirishani kwa pamoja, sufuria inapinduka. Mimi nilikuwa nawaita darasa moja kwanza. Wakishakaa, ndio naita wengine. Hizo feni zako unaziitaje?”

Fundi aliacha chakula, akaenda kutafuta waya.

Feni, anaeleza, huvuta umeme mwingi inapoanza. Ikishashika mwendo inatulia. Kwa hiyo kila moja sasa ina rilei yake na fyuzi yake, na waya mnene unaotoka moja kwa moja kwenye betri. Waya wa kurudishia umeme nao ameufikisha betrini, badala ya kuukaza kwenye bodi ya gari yenye kutu. Ya pili haiamki mpaka ya kwanza itulie.

Kesho yake gereji, mkewe akiwa kiti cha nyuma, anawasha tena. Feni ya kwanza inazunguka. Kitambo kidogo, ya pili inafuata. Taa hazififii. Kule nyuma mashine inaendelea na mvumo wake wa taratibu.

Fundi amesimama, bisibisi mkononi, machozi yakimtiririka waziwazi.

“Baba, mbona kimya?”

“Nakusikiliza unavyopumua.”

“Basi sikiliza ukiwa umekaa, utaanguka.”

Wataondoka Jumamosi, jua likichomoza. Fundi anatamba kwamba anakwenda kumchumbia mjukuu, na mkewe ajiandae kupokea mke mwenza.

“Nimuonee wivu kwa lipi, hata meno hana?” mkewe anamjibu. Anacheka mpaka anakohoa, na fundi anamshika bega hadi kikohozi kipite.

Daktari hajamwahidi miaka, na bibi halifichi jambo hilo. Anairekebisha mipira ya mashine puani, anatazama barabara kupitia kioo.

“Picha yangu ataikuta ukutani siku zote,” anasema. “Mimi nataka kwanza anijue kwa harufu.”