Pointi za Mtoto Mwenye Kigugumizi

Nilifundisha mwaka wa tatu katika shule ya misioni, mwendo wa siku moja kwa miguu kutoka Kabambare. Ulikuwa wakati wa Wabelgiji, na wazazi wa wanafunzi wangu walilima pamba ya lazima. Katika kalasi yangu alikuwamo msichana mwenye kigugumizi. Neno la kwanza lilimkwama kooni, macho yakamtoka, na wenzake wakacheka kabla hajalimaliza.

Miezi ya kwanza nilimpa sifuri. Tulipima kwa mdomo: mtoto anasimama, unamuuliza, anajibu. Asiyejibu hajui. Ndivyo nilivyopimwa mimi nikiwa mdogo, na sikuwaza zaidi.

Kisha siku moja niliamka sauti imenikauka kwa mafua. Nikagawa vibao na chaki, nikaandika hesabu kumi ukutani. Yeye alimaliza wa kwanza. Zote zilikuwa sahihi, na ile ya kugawanya, ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimekosea kuiandika ukutani, alikuwa ameiandika upya kando. Nilisimama nyuma yake kwa muda mrefu, aibu imenijaa.

Tangu siku hiyo wengine walijibu kwa mdomo, yeye kwa kibao, na nikampa pointi zake. Akawa anafika shuleni kabla yangu. Nilimsikia hata akicheka.

Mwisho wa mwaka padri mkaguzi alikuja kutoka Kasongo kuchagua watakaopanda mwaka wa nne. Alikaa kwenye meza yangu, akaita mmoja mmoja. Msichana alikuja na kibao chake kifuani.

"Weka chini hicho," padri alisema. "Saba mara nane?"

"Ha... ha... ha..."

Kalasi nzima ikacheka.

"Mwalimu, huyu mutoto iko na nini?"

Ningesema tu: mupatie chaki, Padri, utaona. Lakini mwalimu wa kijiji jirani alikuwa amefukuzwa kwa kumjibu padri, na mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza.

"Anaona haya, Padri," nikasema.

"Basi arudie mwaka."

Msichana hakumtazama padri. Alinitazama mimi.

Jioni nilikwenda kwao. Baba yake alinipa kiti.

"Mwalimu, uliniambia mutoto iko na akili. Padri anasema hapana. Nani anasema kweli?"

"Mimi, baba."

"Na Padri, ulimwambia vile?"

Niliinuka kwenye kile kiti.

"Basi atakuja na sisi ku shamba," akasema.

Msichana alikuwa mlangoni akimenya karanga. Nilichuchumaa mbele yake nikamwomba msamaha. Alihangaika na neno lake, nami nikangoja.

"U... u... ulijua, Mwalimu."

"Ndiyo, mama. Nilijua."

Akainamia karanga zake.

Hakurudi tena shuleni. Miaka miwili baadaye alikuja mkaguzi mwingine, na katika kalasi yangu alikuwamo mvulana aliyeshindwa kusema mbele ya watu. Nilimwambia mkaguzi: "Padri, huyu mumuulize kwa kuandika."

"Vizuri," akajibu bila hata kuinua kichwa. "Mupatie chaki."

Ilikuwa hivyo tu. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya ukuta wa shule, nikalia hadi mwalimu mwenzangu akaja kuniuliza nani amekufa kwetu.