Uji Mweusi

Watu wa hapa wananisifia mikono, eti ina baraka. Baraka gani! Ngoja niseme mikono hii ilifanya nini kule mtaani Buyenzi, miaka ya vita.

Barabara za milimani zilikuwa hazipitiki, makaa hayashuki tena mjini. Nikawa nafagia vumbi la makaa kwa wachuuzi, nalichanganya na pumba za mpunga, nalishikisha kwa uji wa muhogo, naviringisha mabonge, naanika uani. Mteja wangu mkubwa alikuwa mhunzi mmoja, mkali kama pilipili. Uji ukipungua, bonge linapasuka mbele ya mvukuto na cheche zinamrukia usoni.

Aliyenisaidia ni wifi yangu. Alikimbia kutoka milimani na kichanga mgongoni. Mumewe, kaka yangu, alibaki huko, hatukumwona tena. Wifi nilimpa kona ya kulala na chakula mara moja kwa siku. Zaidi ya hapo sikuwa nacho, na hata ningekuwa nacho, sijui.

Siku moja mhunzi akanirudishia gunia zima, mabonge yamevunjikavunjika. "We mama, unaniuzia vumbi?" Nikajua papo hapo: uji umepungua. Nikamvizia wifi jikoni: anachota uji kwa vidole, anameza moto moto, mtoto yuko titini.

"Unakula kazi yangu!"

"Wifi, unisamehe. Maziwa inakauka. Mutoto hapati kitu."

"Apana! Mi nilikutuma uzae mu vita?"

Wallahi nilisema hivyo. Kesho yake nikabadilisha upishi: vumbi la makaa linatangulia kwenye maji, unga unafuata. Uji ukatoka mweusi tii. "Haya, kula sasa," nikamwambia, nikacheka. Nilijiona mjanja.

Mabonge yakawa magumu, mhunzi akaagiza magunia mawili. Maziwa ya wifi yakakatika. Mtoto akalia siku kadhaa, kisha akaacha kulia, nami nikashukuru kwa utulivu ule. Tulimzika asubuhi. Majirani wakanipa pole, nikaipokea bila haya.

 Siku ya pili wifi akaja uani, akawasha moto, akabandika sufuria ya maji, akashika kopo la unga.

"Wifi, leo nianze na vumbi, ama unga?"

Mhunzi alikuwa anangoja magunia yake.

"Vumbi," nikamjibu.