Bibi Aliyeuawa Bure

Detlev Harms alikuja ofisini kwetu Köln akitokea Hamburg, na suti ya kijivu na akili ya rangi hiyohiyo. Siku ya tisa ya majaribio ya kazi, huku akihofia kwamba kuomba mapumziko bila sababu kungemfukuzisha, aliingia kwa bosi akijifuta macho makavu.

"Bi Kürten, naomba ruhusa Jumatatu. Namzika bibi yangu."

"Jumatatu ya kanivali?"

"Ndiyo, mama."

Bi Kürten alicheka hadi akakohoa. "We kijana! Siku hiyo Köln nzima inasherehekea, hata mchimba kaburi yuko barabarani na pua nyekundu ya mchekeshaji. Nani atamzika? Ofisi yenyewe tunafunga!"

Alifukuzwa palepale kwa uongo wake. Angenyamaza tu, Jumatatu angelala hadi mchana, na bibi yake angekuwa bado hai.