Miraba ya Shamba la Mama

Juu ya Mkuyuni, pale palipokuwa na mgodi wa mawe mekundu, ndipo lilipokuwa shamba la mama yetu. Kwetu Uluguru ardhi inapita kwa mama, kwa hiyo baada yake lilikuwa letu, mimi na mdogo wangu. Mawe yalipokwisha wenye mgodi walifukia mashimo, wakarudisha udongo juu, wakapanda miche ya mikenge na mikangazi, kisha wakazungushia waya. Kaburi la mama halikuguswa. Lipo ukingoni, upande wa juu, ila waya ulipita nyuma yake, nalo likabaki ndani.

Wa ukoo wetu wote waliolala pale pamoja naye nawajua kwa majina, mpaka vichanga. Siyaandiki hapa. Wenyewe wanajijua.

Kwenye mkutano wa kijiji tuliambiwa ardhi itarudi kwetu ikishapona. Kupona kwake ni majani kuota yenyewe na kufunika udongo, na miche kusimama bila mtu. Mpaka siku hiyo hakuna kuingiza mbuzi, hakuna kulima, hakuna kuchimba. Mdogo wangu akanyoosha mkono.

"Hata kaburi?"

"Hata kaburi, mama," mwenyekiti akasema.

Aliuliza kwa sababu kifua kilikuwa kimeshamshika. Akikohoa usiku nyumba nzima inaamka. Na alikuwa ameshaniambia, nimlaze kwa mama. "Usinipeleke makaburi ya barabarani, dada. Kule nitalala na madereva."

Kila mwaka masika yakiisha alikuja binti mmoja mtaalamu wa miti. Alikuwa amepigilia vigingi na kufunga kamba, ikawa miraba huku na huku, mmoja kando kabisa ya kaburi la mama. Anapiga magoti ndani ya mraba, anapekua majani kwa vidole kama mtu anayechambua mchele. Sisi tunamtajia: huu ukoka, hii ndago, huu mchunga, hiyo mbigili itakuchoma. Anaandika, anaenda mraba mwingine. Miaka ya mwanzo alitikisa kichwa tu. Udongo ulikuwa mwekundu, mkavu, umekaa kama kidonda.

Halafu ukaja mwaka wa mvua nzuri. Majani yakafunga. Binti alipopita mara moja masika yakiwa katikati alituambia yakiendelea hivi, safari ijayo ataandika kwamba ardhi imepona. Mdogo wangu hakulala kwa furaha.

Siku za ugeni zilipokaribia mimi nilikuwa Mafiga kwa binti yangu, natibiwa macho. Nilirudi asubuhi ya ugeni wenyewe, nikashuka kwenye gari nikapanda moja kwa moja. Nikamkuta mdogo wangu amekaa chini, jembe miguuni, anahema, kanga imelowa mgongoni.

Miraba yote ilikuwa imepaliliwa.

Na alijua kupalilia, yule. Kila mche alikuwa ameuzungushia kisahani cha kushika maji. Magugu ameyakung'uta udongo, ameyatoa nje ya waya na kuyalaza mizizi juu ili jua liyaue. Niseme kweli, palipendeza.

"Umefanya peke yako?"

"Na nani mwingine? Wewe uko mjini unakula chipsi."

"Na hicho kifua?"

"Mgeni aje akute kwa mama pamekuwa pori? Watasema mama hakuzaa. Tuliambiwa tusilime, dada. Hapa sijalima. Nimepalilia tu."

Binti akafika na mwenyekiti. "Shikamooni, bibi zangu." Tukaitika marahaba. Kisha akaona. Akafuata kamba, mraba mmoja hadi mwingine, akarudi.

"Nani amepalilia?"

"Mimi, mwanangu," mdogo wangu akasema, akajiinua kwa mpini wa jembe. "Wala usinishukuru."

"Bibi, yale magugu ndiyo niliyokuja kuyaangalia."

"Basi yapo hapo nje, nimekuwekea. Nenda kayaangalie."

Mwenyekiti akacheka. Akatazama uso wa binti, akaacha. Binti akachuchumaa, akaeleza polepole. Anaandika anachokiona kimeota ndani ya mraba, na leo anaona udongo mtupu. Hawezi kuandika kingine.

"Si uandike kwamba yalikuwepo?" mdogo wangu akasema. "Dada, mtajie. Huyu hasahau jina la kitu."

Nikataja. Ukoka, mchunga, mgagani, mbigili, na vichipukizi vya mkole vilivyojiotea vyenyewe karibu na mama. Binti alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kalamu aliishika tu.

"Tutaangalia tena mwakani, bibi."

"Mwakani ya nani?" mdogo wangu akamuuliza.

Binti alikuwa na machozi, sikumlaumu.

Siku chache baadaye nilimkosa mdogo wangu nyumbani, nikamfuata kule juu. Nilimkuta amepiga magoti ndani ya mraba wa kando ya mama, anachimba kwa kidole, anapanda ndago. Mtu aliyepigana na ndago tangu utoto wake, sasa anazifukia moja moja na kuzimwagia maji ya kopo.

"Zitashika," akaniambia. "Hizi hazijawahi kunisikia nikizikataza."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nikamshika mkono tukashuka, tunapumzika kila penye jiwe.

Alikufa vuli ilipoanza. Mwenyekiti aliwapigia simu wenye mgodi kuomba ruhusa, akajibiwa pale hapachimbwi bado. Tukampeleka makaburi ya barabarani. Malori ya ndizi yanapita, vumbi linamfika.

Masika yaliyofuata miraba ilijaa mpaka kamba hazionekani. Binti akaandika, waya ukatolewa, watu wakapiga vigelegele. Ndugu wameniuliza kwa nini tusimhamishe. Sitaki. Ile ardhi imeshafukuliwa vya kutosha, na yeye nisimfukue.

Siku ya kwanza ya kuruhusiwa nilipanda na jembe lake ili nisafishe kwa mama. Kaburi limemezwa na majani. Kando yake, pale alipotaka kulala, ndago zimesimama nene. Ni zile alizozipanda au ni nyingine, siwezi kujua. Nilisimama hapo mpaka jua likawa kali. Nikashuka na jembe halijagusa udongo.