Siki ya Mjomba

Nilifika Mchinga juu ya lori tupu lililokuwa likienda Mtwara kupakia saruji. Nilikuwa nimetoka Tabora kwa basi, basi likafa Dodoma tukalala kituoni, nikaingia Dar miguu imevimba, na pale Mbagala nikaambiwa magari ya kusini yamesimama kwa sababu mvua imekata barabara upande wa Somanga. Dereva wa lori akasema yeye anakwenda kulala hukohuko kwenye foleni mpaka kifusi kimwagwe, kama naona raha kulala barabarani nipande. Nikapanda. Tulikaa pale tukila mihogo ya kuchoma na kutazama tingatinga likishusha mawe kwenye shimo ambalo halikuonyesha dalili ya kushiba.

Sikuiona safari ile kuwa ndefu. Nilikuwa nimevuka miaka arobaini, nimepiga lipu nyumba za watu kuanzia Kahama hadi Tunduma, na katika kuta zote hizo hapakuwa na hata moja ambayo ningeweza kugongea msumari nikatundika shati langu bila kuuliza. Sasa nilikuwa nakwenda kwa mke wangu. Tulijuana Mbagala alipokuwa akileta nazi, mjane mcheshi wa Mchinga, na mjomba wake ndiye aliyeipokea posa yangu, kwa kuwa kwao mjomba ndiye mwenye neno. Kwenye simu mke wangu aliniambia, "Njoo, nyumba ni yako." Nililichukua neno hilo kama lilivyo. Nilitaka kufa mtu wa mahali fulani, na mahali hapo nilishapachagua.

Nyumba, nilikuja kugundua, ilikuwa ya zulia.

Lilikuwa sebuleni, rangi ya maziwa, lina maua ya dhahabu pembeni na manyoya ya kuzamisha vidole. Marehemu mume wake wa kwanza alilileta kutoka Maskati alikokuwa akiendesha magari. Mungu amrehemu, sina ugomvi naye. Lakini alikuwa mtoto wa Mchinga, mahali ambapo mchanga unaingia mpaka kwenye mkebe wa chumvi, joto linawafanya mbuzi wahemee ukutani, na mkeka wa ukindu unauchukua asubuhi, unaukung'uta mlangoni, kazi imekwisha. Mtu aliyezaliwa hapo anawezaje kuvusha bahari sufu ya nchi za baridi? Mpaka leo sijaelewa. Labda ndiyo maana ya kwenda ng'ambo: kurudi na kitu ambacho hakina kazi kwenu.

Hakuna aliyelikalia. Lilifunikwa nailoni, na juu ya nailoni shuka kuukuu, na sisi wenye uhai tuliishi kuanzia hapo kwenda nyuma. Tulikula kwenye ujia juu ya mkeka, tuliongea uani, na mimi nikitaka kufika chumbani niliambaa ukuta kama mwizi. Mara moja kwa mwaka, hitma ya marehemu ikifika, shuka linatolewa, nailoni inatolewa, wanaume wanakaa juu yake wanasoma, kisha wanakula pilau na kusifu. "Alikuwa mtu wa vitu vizuri." Wakishasema hivyo wananitazama mimi, kitu cha pili kuletwa mle ndani kutoka mbali.

Mwaka mmoja, siku chache kabla ya hitma, mjomba alikuja kupanga shughuli. Yeye alikuwa na ruhusa ya kukaa kwenye zulia, na aliitumia ruhusa hiyo kama cheo. Shuka na nailoni vikatolewa, akaketi katikati, akaletewa wali na mchuzi wa samaki uliokolea bizari ya manjano, akaanza kutueleza jinsi vijana wa siku hizi wasivyojua kukaa kwenye vitu vya heshima. Alipofika mahali pa kuonyesha kwa mkono, bakuli likapinduka.

"Bismillahi!" alisema. "Bakuli hili limetengenezwa vibaya."

Dada mkubwa wa mke wangu alikuwapo. Alirukia ndoo, akaleta sabuni ya kipande na brashi ya kusugulia sufuria, akasugua kwa imani kubwa. Bizari ikikutana na sabuni inageuka nyekundu. Kila mwanamke aliyewahi kufua kanga ya jikoni analijua hilo. Lakini doa lilipowaka jekundu juu ya ile rangi ya maziwa, pana kama ungo, hakuna aliyekumbuka lolote.

"Yarabi! Linatoka damu!" alipiga kelele shemeji.

"Marehemu hakufurahi," alisema mjomba, akijifuta vidole. Akanitazama.

"Kwa lipi, mzee?" nikauliza.

"Mimi nimesema kitu, mkwe? Sijasema kitu."

Nilishauri tuache mikeka itandikwe juu, watu wasome, waende. Shemeji yangu alicheka hadi akashika ukuta. "Huko kwenu bara mnalalia ngozi za ng'ombe, shemeji. Zulia utalijulia wapi?"

"Ngozi ya ng'ombe haimvui mwenye nyumba viatu mlangoni kwake, shemeji."

"Na haina maua!"

Mke wangu alicheka pia. Kicheko chake nakikumbuka vizuri, kilianzia tumboni, na kwa kicheko kile ningevumilia mazulia mengi.

Basi simu ikatolewa. Shemeji alikuwa katika kundi la akina mama wanaotumiana maarifa ya nyumbani, na jioni hiyo maarifa yalimiminika. Tukatazama video ya mwanamke mwenye kucha ndefu, katika nyumba isiyo na hata inzi mmoja, akimwaga siki na maji juu ya doa dogo la chai, akikandamiza kwa kitambaa cheupe, doa likaondoka kama limeitwa na mtu. Tukaitazama tena. Sisi tulikuwa na doa la ukubwa wa ungo, bizari, sabuni na mafuta ya nazi, lakini siki ikawa ndiyo dawa, na aliyetia shaka alikuwa hapendi maendeleo.

Dukani pale kijijini hapakuwa na siki. Nikajitolea kwenda Lindi mjini asubuhi, kwenye maduka ya Wahindi hukosi. Mjomba akakataa.

"Siki ya dukani ni maji yenye kemikali. Siki ni ya mnazi. Mimi nitaileta."

Watu wa pwani ile siki yao huipata kwenye tembo la mnazi. Tembo likishagemwa linaachwa mtungini, wiki baada ya wiki, mpaka ulevi wote uishe na ubaki ukali mtupu. Hapo ndipo linakuwa siki, ni halali, linaingia kwenye achari na kwenye samaki wa kupaka hata katika nyumba ya shehe. Kabla ya hapo ni pombe. Mtoto wa Mchinga anaijua tofauti hiyo kwa pua, akiwa bado mgongoni.

Mjomba akaja na dumu la njano lililozibwa kwa kitambaa. Alikuwa amelitoa kwa rafiki yake mgema. Mke wangu alipolifungua niliona uso wake ukisimama kidogo. Mimi mwenyewe, mtu wa asali na karanga, nilisikia harufu ya chachu na utamu, harufu ya kilabu.

"Mjomba," alisema mke wangu polepole, "imekaa siku nyingi hii?"

"Nimeionja."

"Ndiyo, mjomba."

"Ni kali." Akamimina kidogo kwenye kikombe, akaonja tena ili kutuondolea wasiwasi. Akaonja mara nyingine. "Siki hii. Siki kabisa."

Shemeji akatazama dari. Mke wangu akatazama ndoo. Hakuna aliyesogeza pua kwenye dumu, kwa sababu kunusa alichokileta mjomba ni sawa na kumwambia mwongo, na kule mjomba hanuswi. Angeleta mafuta ya taa akasema ni asali, wangetafuta mkate.

Kazi ikaanza. Siki, kwa vile tulikuwa tumekubaliana kuiita hivyo, iligusa wekundu na wekundu ukafa palepale, bizari ikarudi kuwa ya manjano. Shangwe! Shemeji alipiga kigelegele. Doa lilikuwa palepale, kubwa vilevile, limerudia tu rangi aliyolimwaga nayo mjomba, lakini tulipongezana kama tuliovua nyangumi. Mjomba ndipo akatoa amri yake kuu. Zulia zima lilowekwe, lisije likawa na rangi mbili. Tukalimwagia dumu lote, tukakandamiza kwa matambara, tukafunga madirisha vumbi lisiingie. Chini ya zulia lile kulikuwa na mpira mzito, kwa hiyo kilichoingia hakikuwa na pa kutokea. Kilibaki mle kwenye sufu, katika joto la Mchinga, kikiendelea na safari yake.

Siku ya hitma sebule ilikuwa kilabu kisicho na vikombe. Sisimizi walipanga mstari kutoka mlangoni, maana utamu ulikuwa haujaisha. Mke wangu alichoma udi hadi tukakohoa, na harufu zile mbili zikashikana, ikawa kama mlevi aliyejipaka manukato. Nikamwambia tuwapeleke wageni uani. Akasema mjomba ameshasema wakae kwenye zulia.

Walikuja baada ya alasiri, kanzu nyeupe, kofia safi. Maalimu akaketi mahali pake, mbele, juu ya doa, ambalo lilikuwa limefunikwa kwa mto. Akafungua kinywa aanze. Akakifunga. Akavuta pumzi kwa pua. Alipojaribu kusogea, kanzu ilikuwa imenata, ikatoa mlio kama wa plasta inayobanduliwa. Nyuma yake mtu akacheka, akajifanya anakohoa.

"Nyumba hii," alisema maalimu, "kumeingia tembo."

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Mke wangu alikuwa upande wa pili, kwenye pazia la ujia, ameshika sinia la vikombe vya kahawa. Mjomba alikohoa kistaarabu.

"Nyumba ina watu mchanganyiko, maalimu," alisema. "Tunajitahidi."

Macho ya wanaume wote yakanigeukia, kanzu kwa kanzu. Tembo sijalionja mpaka leo ninapoandika haya. Tumbo langu halichukui hata togwa. Ningeweza kusema. Lakini neno la mkwe aliyetoka mbali dhidi ya mzee wa hapo lingekuwa kelele tu, na isitoshe sikutaka neno litoke kwangu. Nilimtazama mke wangu. Alikuwa na sentensi moja tu ya kusema: siki aliileta mjomba, ilikuwa haijaiva. Hata angeisema kwa mzaha, ningetosheka. Alinitazama, kisha akatazama vikombe.

Wakasoma uani, kwenye mikeka. Wakala pilau yote.

Kesho yake zulia lilitolewa nje likaanikwa uani juu ya ua, kwa sababu ndani pumzi ilikuwa haivutiki. Jua la Lindi halina adabu. Lilianza kulamba bizari, na baada ya kuanikwa siku kadhaa doa likafifia, likapotea kabisa. Majirani walikuja kushika manyoya kwa vidole.

"Siki ya mjomba kiboko!" alisema shemeji. "Mlimdharau mzee wa watu."

Mjomba akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kwa hiyo doa lilipotoka, lilitolewa na siki ya mjomba. Harufu iliyobaki ilikuwa ya tembo la mkwe. Dumu moja lilelile, na hakuna mtu katika kijiji kizima aliyeona tatizo katika hesabu hiyo. Msikitini nilipoketi, mtu wa kulia kwangu alisogea kidogo, kwa upole, kama anayempisha mgonjwa.

Kisha mke wangu akaja na ujumbe. Alinikuta uani nikisafisha mwiko wangu wa lipu. Aliketi, akakunja kanga miguuni, nikajua ametumwa.

"Mume wangu, wazee wamekaa wakaonelea uende kwa maalimu. Umwombe radhi tu. Useme ilikuwa bahati mbaya, yaishe."

"Nimwombe radhi ya tembo la nani?"

"Usipandishe sauti."

"Unajua dumu alilileta nani?"

"Najua."

"Na ulijua si siki?"

"Nilijua nilipolifungua." Alisema hivyo bila aibu, kama anayenitajia saa. "Lakini wewe ni mtu wa kupita. Jina lako likichafuka hapa, utakwenda Songea, utakwenda Tunduru, utaliacha hapahapa. Mjomba atakwenda wapi na lake?"

Alinishika goti akiyasema hayo. Hakuwa ananidharau, na hilo ndilo lililonimaliza. Alikuwa ananipangia jambo la busara, kama mtu anayechagua tambara gani litumike kufutia.

"Uliniambia nyumba ni yangu," nikasema.

"Ni yako. Nani amekukataza?"

Asubuhi nilifunga mwiko, pima maji na mashati yangu. Hakulia wala hakunizuia; alinikaangia maandazi, akayafunga kwenye mfuko, akanisindikiza hadi barabarani. Mjomba tulimpita barazani kwake. Nilimwamkia, "Shikamoo," akaitika "Marahaba, mkwe, safari njema," kwa sauti ya mtu aliyesamehe.

Gari dogo la Lindi likaja. Mke wangu hakunipa mkono, kwa kuwa watu walikuwa wakitazama. Aliniuliza mchana nitakula wapi. Nikamwambia Lindi. Akaitikia kwa kichwa kwamba ni vizuri, Lindi kuna samaki, na konda akafunga mlango.