Aliyenyoa Mipeasi ya Hesterlaw

Mume wangu Malcolm Dodds anajua kulima liki kuliko mtu yeyote kijijini kwetu, na hilo ndilo lililotuponza. Mtu akisifiwa sana kwa jambo moja huanza kudhani anajua yote.

Liki zetu, hizi mboga za jamii ya kitunguu, si zile nyembamba za dukani. Ni mashina meupe, manene kama paja la mtoto, yanayolelewa kwenye viwanja vya nyuma ya reli, kila mwanamume na mbegu zake za siri na kufuli lake. Mgodi ulipofungwa, wanaume wetu walibaki na liki na klabu tu. Kiwanda cha betri alikohamia Malcolm nacho kikafungwa, naye, miaka hamsini na minne na magoti mabovu, akakaa jikoni kwangu akinifundisha kumenya viazi. Nikamwambia, "Malcolm, tafuta kazi kabla sijakumenya wewe."

Kazi ikapatikana ng'ambo ya mto, kwenye bustani ya jumba la Hesterlaw. Ila ilikuwa kazi ya mwanagenzi. Mwanafunzi, kwa lugha nyingine: kufagia majani, kuosha vyungu, kujifunza kuanzia mwanzo. Na mkuu wa bustani alikuwa msichana mdogo kuliko binti yetu Karen, jina lake Gemma Telfer.

Siku moja kabla ya kuanza, Malcolm akaniketisha.

"Brenda, klabuni nimewaambia nimechukuliwa kuwa mkuu."

"Mkuu wa nini?"

"Wa bustani."

"Wee Malcolm! Una wazimu?"

"Watanicheka. Bingwa wa liki aende kuosha vyungu vya msichana? Nitaingiaje mle tena?"

Nikakubali kuificha siri yake. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha nilikuwa mimi.

Pale Hesterlaw watunza bustani wana kibanda chao chenye jiko la kuni, na desturi yao ni kwamba aliye mgeni kazini ndiye anayechemsha chai. Malcolm siku ya kwanza akavuta kiti, akakaa, akangoja. Gemma akamtazama, akachukua birika mwenyewe. Na kesho yake hivyo hivyo. Malcolm alinisimulia akicheka, kana kwamba kashinda kitu. Mimi sikucheka.

Wiki haijaisha, akapewa mipeasi ya ukuta wa kusini. Ile ni miti ya zamani, babu yake Bwana Selby, mwenye jumba, ndiye aliyeifunga ukutani ikatandaza matawi kulia na kushoto. Gemma alimwambia kata vichipukizi virefu, lakini vile vijiti vifupi vyenye mafundo usiviguse. Sasa mtu wa liki, jamani, hapendi fundo. Anapenda kitu kilichonyooka, laini, cheupe. Gemma akaenda kwenye kibanda cha vioo, na Malcolm akainyoa ile miti ikabaki myororo kama fimbo za kutembelea. Kumbe mapeasi yote hutoka kwenye yale mafundo.

Bwana Selby alipita na mbwa wake, akasimama. Hakupiga kelele. Aliuliza tu nani kafanya hivi.

"Nilimwelekeza vibaya, bwana," Gemma akasema. "Kosa ni langu."

Na Malcolm alikuwa pale pale, mkasi mkononi, kimya. Alinieleza haya akiwa amesimama karibu na sinki, nikimwambia kaa, hakai.

Nikadhani hapo amekoma. Thubutu! Jumamosi klabuni habari zilikuwa zimeshavuka mto. Cuthbert Nevin, mwenyekiti wetu wa maonyesho ya liki, akauliza toka meza ya pili, "Malcolm, nasikia mipeasi ya Hesterlaw imepelekwa kinyozi?"

"Kuna kasichana pale," Malcolm akasema, "ka kutuchemshia chai. Nilikaachia mkasi dakika moja tu, basi."

Meza nzima ikacheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kiti changu. Tulipotoka nilimwambia, "Yule binti alikufichia, nawe unamsingizia?" Akanijibu, "Hatakanyaga mle, Brenda. Hatajua."

Tena ubaya ni kwamba aliipenda ile kazi. Kila jioni ilikuwa Gemma anasema hivi, Gemma anasema vile. Alifundishwa kugonga chungu cha udongo kwa kidole na kusikiliza kama mmea una kiu, akawa anazunguka madirishani kwangu akigonga vyungu vya maua, ko, ko, ko, kichwa kimeinama. Mipeasi ile haikuzaa hata tunda moja mwaka ule, na kila asubuhi ilimbidi apite mbele ya ukuta ule. Aliniambia anapita akitazama viatu vyake. Nikamwambia basi mwombe radhi Gemma, useme ukweli klabuni, yaishe. "Nitasema," anasema. Jumamosi ikifika, anaagiza bia na kuanza kueleza jinsi anavyowaongoza vijana wake.

Njia ya mwongo ni fupi. Septemba ikaja, na maonyesho. Mwamuzi wetu wa siku zote alivunjika nyonga, na Cuthbert akasimama na kutangaza: mwaka huu mwamuzi anatoka Hesterlaw, Bi Gemma Telfer. Malcolm akaweka glasi chini.

"Siku hiyo nitaumwa," akaninong'oneza.

"Utaumwa nini?"

"Chochote."

Lakini siku ilipofika liki zake zilikuwa zimeshaoshwa kwa maziwa zing'ae na kufungwa kitambaa, na mtu wa kwetu haachi liki zake ziende peke yake. Tukaenda.

Liki mezani huwa na namba tu, hazina majina. Gemma akazipima, akazipapasa, akainama kunusa mizizi, na akaiweka kadi nyekundu ya ushindi kwenye zile za Malcolm bila kujua. Mume wangu akaenda kupokea kombe mkononi mwa Gemma. Binti akafurahi kweli, akasema, "Kumbe ni zako!" Hapo ndipo Cuthbert aliposogea na kikombe chake cha chai, akasema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima:

"Eti binti, wewe ndiye unayemchemshia Malcolm chai?"

Gemma akamtazama Malcolm. "Ndiyo," akasema. "Ni mimi."

"Na ile mipeasi je? Tumesikia ni wewe uliyeinyoa."

Vichwa vikageuka. Nikasema moyoni, sema, Malcolm. Sema sasa hivi, mume wangu. Alikuwa amelikumbatia kombe, anatazama viatu vyake. Gemma akawa mwekundu hadi masikioni.

"Ndiyo," akasema. "Niliiharibu." Akageuka, akaendelea kupima vitunguu vya mashindano.

Malcolm alilibeba kombe hadi nyumbani chini ya koti, kama mali ya wizi. Akaliweka mezani, akaliondoa, mwishowe akalisukuma chini ya sinki pamoja na matambara. Chakula hakugusa.

"Hakukasirika, Brenda. Angekasirika ningejua la kufanya."

"Sasa hujui la kufanya?"

Akaenda kulala. Nilikuwa na hasira naye na nilimwonea huruma, vyote pamoja, na niliona aibu kuwa mkewe. Nasema kama ilivyokuwa.

Kesho yake, Jumapili, liki zote za maonyesho hukatwakatwa na kupikwa mchuzi na nyama, klabu nzima inakula, na bingwa ndiye anayepakua. Mwamuzi hualikwa. Gemma alikuja, akakaa mwisho wa meza. Malcolm akapakua bakuli baada ya bakuli, na alipofika kwa Gemma akamwaga mchuzi mezani. Akaweka upawa chini.

"Jamani," akasema. "Huyu si msichana wa chai. Huyu ndiye bosi wangu. Mimi ndiye mwanagenzi. Mipeasi niliinyoa mimi, akanikingia kifua, nami nikaja hapa nikamsingizia."

Nikafumba macho kungoja kicheko. Hakikuja. Nilisikia vijiko tu.

Cuthbert akafuta mdomo. "Tunajua, Malcolm."

"Mnajua nini?"

"Yote. Mke wa mpwa wangu anafua pale Hesterlaw. Tulijua wewe ni mwanafunzi tangu siku ile ulipoanza."

"Na mkaniacha niseme? Mbona hamkuniambia?"

"Ungeacha kuja, mzee. Ungekaa kule nyumbani peke yako." Cuthbert akatazama bakuli lake. "Jana kwa lile swali nilikufungulia mlango, ukakataa kupita. Haya, pakua, mchuzi unapoa."

Malcolm akasimama pale, mtu mzima, masikio yanawaka moto. Kuchekwa angevumilia, alikuwa amejiandaa. Akamgeukia Gemma. "Nisamehe."

"Iliniuma," Gemma akasema. Akavuta bakuli karibu. "Kesho uje mapema. Majani yameanza kuanguka."

Tulirudi nyumbani kwa miguu, kwa njia ya kando ya reli. Tulipofika kwenye viwanja, akasimama.

"Na wewe ulijua kwamba wanajua?"

Ningeweza kumdanganya, lakini uongo ulikuwa umetutosha. "Doreen wa dukani aliniambia mwezi wa Machi."

"Machi! Kila Jumamosi unakaa kando yangu, unanisikiliza, unaitikia kwa kichwa?"

"Niliona aibu, Malcolm. Meza nzima ilikuwa inakuhurumia. Ningekwambiaje?"

Hakugomba. Aliegemea ua wa kiwanja chake, mahali liki zilipong'olewa pakiwa na mashimo tu.

"Brenda," akasema, "toka Februari yule mtoto ananitengenezea chai. Anaijua chai yangu, maziwa kidogo, sukari vijiko viwili. Na mimi kesho natakiwa kumchemshia yake, na sijui hata kama anatia sukari."