Twiga Niliyemnyima Muhuri

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, hapa hapa Johannesburg, mwaka wa pili tangu baba yako arudi kutoka uhamishoni akanileta kwao. Nilikuwa bado kijana, nikijifunza kuchora kwa wino kwa Mzee Liu, Mchina wa mtaa wa Doornfontein aliyezaliwa mji huu huu. Saa nzima tulisugua kipande cha wino mkavu kwenye jiwe lenye maji, kimya, mpaka moyo utulie. Ndipo brashi iguse karatasi, mara moja tu, kwani wino ukishanywewa na karatasi ni maji yaliyomwagika, hayazoleki.

Nilichora vilima vya mchanga wa migodi, vimezama katika ukungu. Ukungu wenyewe hauchorwi; unaachiwa karatasi tupu. Nikampelekea Rajabu, Mtanzania mwenzangu aliyewauzia watalii picha. Nilitamani mno yangu itundikwe kwenye dirisha la duka lake.

"Eish, dada, katikati hapa mbona patupu?" akasema. "Tia twiga na jua jekundu. Watu wanataka Afrika. Mwacha asili ni mtumwa."

Nikatia. Aibu hiyo naisema mwenyewe, usije ukaambiwa na watu.

Mzee Liu alipoiona hakunikaripia. Alifungua kijaluba cha rangi nyekundu, akanisogezea muhuri wa jiwe alionichongea jina langu, ule unaogongwa picha ikikamilika.

"Kama ni yako, gonga."

Mkono ulikataa. Nililia, nikijikasirikia mwenyewe.

Niliichana ile ya twiga, nikachora upya, nikagonga muhuri, nikarudi kwa Rajabu. "Asili gani unayonifundisha?" nikamwambia. "Mimi mtoto wa Tanga mjini, twiga nilimwona kwenye mfuko wa saruji. Vilima hivi ndivyo ninavyoamka navyo mtaani kwangu Troyeville. Ukiitaka picha, itundike na ukungu wake."

Hakuitaka. Ndiyo hiyo iliyo ukutani, juu ya kochi unalolalia.

Basi mwanangu, wewe unayenijibu kwa Kizulu kila nikikusemesha Kiswahili, wapo watakaotaka kukutilia twiga wao ili wakutambue. Wakatalie. Ulipopaacha patupu kwa kupenda kwako, asikujazie mtu. Na jina lako usiligonge kwenye kazi ambayo mkono wako unaionea haya. Wakikunyima dirisha, ukuta wa mama yako upo.

Mungu akupe moyo uliotulia, akujalie na shingo ngumu kama yangu.